Taa za Leza Nyuma ya Pikipiki: Usalama Wake na Hukumu ya Sheria

(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara, aliyoyatoa mjini Newala, Mkoa wa Mtwara, mbele ya watumishi wa Serikali, madereva wa bodaboda na wananchi. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya watumishi na wakaazi wa Unguja na Pemba, ambako pikipiki nazo ni nyingi.)

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, watumishi wenzangu wa Serikali, wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana wa bodaboda mliokubali kuacha abiria kwa saa moja ili mje kunisikiliza,



Mimi ni mgeni wenu. Nimetoka Unguja, ambako mlima wetu mrefu kwenu nyinyi ungeitwa kichuguu, na kazi yangu ni habari, si ufundi wala upolisi. Nilipoombwa nizungumze nilipendekeza mada nyingine kabisa. Lakini jambo lililonikuta njiani juzi, nikitoka Masasi kuja huku, limenifanya nibadili mada, na Ndugu Mwenyekiti akaniridhia.

Tuliondoka Masasi jua limekwisha kuinama nyuma ya ile milima ya mawe. Nyote mnajua kwamba huku kusini jua likishatua giza halichelewi. Tulipoanza kupanda kuja kwenye uwanda wa juu, tayari ilikuwa usiku, na vumbi la lori lililotutangulia lilikuwa bado limetanda njiani. Dereva wetu ni mtu mzima na mwangalifu, na hakuwa akienda mbio. Ghafla tukaona mbele yetu mstari mwekundu umelala chini katikati ya vumbi, mwembamba kama uzi. Dereva akadhani ni utepe wa mafundi wa barabara. Akapunguza mwendo kidogo tu, kama mtu anayejiuliza. Ndipo likatokea gunia, na juu ya gunia amekaa mama aliyebeba mtoto mgongoni, na mbele yake kijana anaendesha. Tulikuwa tumebakiza hatua chache kuwafikia. Dereva alikata usukani upande wa kulia, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu hapakuwa na chombo kinachokuja.

Tulisimama. Yule kijana naye akasimama. Hakuwa mlevi wala mkorofi, aliamkia vizuri. Nilipomuuliza iko wapi taa yake ya nyuma, alinionesha kwa fahari kijisanduku cheusi, kidogo kuliko kibiriti, kilichofungwa chini ya kibao cha namba. Akaniambia, "Mzee, hii ni ya kisasa, inachora mstari." Taa yenyewe ya kiwandani ilikuwepo mahali pake, lakini ndani hamna globu, na gunia lilikuwa limeifunika lote. Kijana yule aliamini kwa moyo safi kwamba anaonekana vizuri kuliko wenziwe wote.

Imani yake hiyo ndiyo iliyonileta mbele yenu jioni hii.

Ndugu wananchi, hapana budi kwanza tukijue kifaa chenyewe. Leza ni mwanga uliokusanywa ukaenda njia moja bila ya kutawanyika. Mwanga wa globu hutoka na kusambaa pande zote, kama harufu ya chakula inayotoka jikoni, na yeyote aliye karibu huipata. Mwanga wa leza ni kama maji yanayotoka kwenye mpira uliobanwa mdomo: aliye kwenye njia yake huroa, na aliyesimama pembeni hapati hata tone. Leza ya kwanza iliwashwa nchini Marekani mwaka 1960, katika maabara, na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja itauzwa madukani pamoja na vioo vya pembeni na vishikio vya simu. Katika hizi taa za pikipiki, mbele ya leza huwekwa kigae cha kioo kinachoukunjua mwanga ukawa kama karatasi nyembamba. Karatasi hiyo ikigusa ardhi huonekana mstari. Ikipita katika ukungu, moshi au vumbi, huonekana yenyewe hewani.

Nisiwe dhalimu wa kifaa hiki. Waliokibuni hawakuwa wajinga. Mwaka 2012 kampuni ya magari ya Audi ilionesha taa ya leza ya nyuma kwa ajili ya ukungu, ikichora mstari barabarani ili gari linalofuata lijue umbali wa kukaa. Na mjini London, kuanzia mwaka 2016, baiskeli za kukodi za umma zilifungwa taa yenye leza inayochora mbele ya baiskeli umbo la kijani la baiskeli, ili madereva wa magari makubwa wajue kuwa pembeni yao yuko mtu. Kwa hivyo si uzushi kusema kwamba mwanga wa namna hii una faida mahali pake. Na nyinyi wa Newala, mnaoishi juu ya uwanda unaoamka asubuhi umefunikwa na ukungu, mna sababu ya kuuona una faida kuliko sisi wa pwani. Lakini angalieni vizuri: baiskeli zile za London zina taa zake za kawaida, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Leza imeongezwa juu ya taa hizo, na hakuna aliyeing'oa taa ili aiweke leza.

Sasa nije kwenye kasoro zake, na hapa naomba nikae kidogo.

Taa ya nyuma ya pikipiki ina kazi mbili. Ya kwanza ni kusema "nipo hapa", na ya pili ni kusema "nasimama". Globu nyingi za pikipiki zetu hizi, Boxer, TVS, SanLG na nyenginezo, zina nyuzi mbili ndani yake: mmoja wa wati 5 unaowaka muda wote wa usiku, na mwengine wa wati 21 unaowaka breki inapokanyagwa. Viwango vya Umoja wa Mataifa vya taa za pikipiki vinataka taa ya nyuma isipungue nguvu ya kandela 4, na ya breki isipungue kandela 40, yaani mara kumi yake, ili anayefuata asikosee kati ya moja na nyengine. Viwango hivyo vinataka pia taa ionekane hata na aliye pembeni, si aliyenyooka nyuma peke yake. Mstari wa leza hauwezi lolote katika hayo. Uko chini ardhini, wakati macho ya dereva yanatafuta chombo mbele yake. Aliye ndani ya lori refu anaweza kuuona akadhani ni kitu kilichoanguka, kama alivyodhani dereva wetu. Kwenye lami iliyoroa mwanga huteleza ukaenda zake, na mchana wa jua kali hauonekani kabisa.

Aidha kuna suala la pembe. Mwenye kufunga taa hii huielekeza chini, hatua chache nyuma ya gurudumu, pikipiki ikiwa imesimama mahali tambarare. Lakini pikipiki ya bodaboda haikai mahali tambarare. Ikipakia gunia la korosho la kiasi cha kilo 80, mkia hushuka na mstari husogea karibu na gurudumu. Likishushwa gunia, mkia hupanda na mstari huenda mbali. Na hapa kwenu kuna jambo ambalo sisi wa visiwani hatulijui: ukingo wa mlima. Pikipiki inapomaliza kupanda na kuanza kuteremka upande wa pili, pua yake huinama na mkia huinuka. Wakati huo mwanga uliokuwa ukilamba ardhi hunyanyuka na kwenda sawa na uso wa yule anayepanda nyuma. Hapo tena haumuoneshi chombo, unamwingia jichoni.

Jicho la mwanadamu hukusanya mwanga kama kile kioo ambacho watoto hutumia kuwashia majani kwa jua. Mwanga wa leza, kwa kuwa umenyooka, hukusanywa ukawa nukta ndogo sana nyuma ya jicho, mahali penye kuona. Kwa sababu hiyo leza zimegawiwa kwa madaraja ya hatari. Zile za daraja la 2 hazizidi miliwati 1, na mtu akipigwa nayo hupepesa jicho kabla hajadhurika. Zile za 3R hufika miliwati 5, na zinazozidi hapo ni hatari ya wazi. Kifaa kinachofuata utaratibu huandikwa daraja lake na huwekwa alama ya pembetatu ya njano. Kile kijisanduku nilichooneshwa njiani hakikuwa na maandishi ya namna hiyo hata herufi moja. Mwenye kununua hajui amenunua miliwati 1 au 50, na muuzaji naye pengine hajui. Hata leza ndogo isiyoharibu jicho humpofua dereva kwa sekunde kadhaa usiku. Na watoto wa skuli, wanaopenda kuchuchumaa nyuma ya pikipiki iliyoegeshwa ili waone ule wekundu unatoka wapi, ndio walio hatarini zaidi, kwani wao hutazama kwa makusudi na kwa karibu.

Mintarafu ya sheria, nitasema kwa uangalifu, maana mimi si hakimu, na humu ukumbini wamo wanaoijua kuliko mimi.

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ambayo asili yake ni Sheria Namba 30 ya mwaka 1973. Kule kwetu Zanzibar tunayo Sheria ya Usafiri wa Barabara Namba 7 ya mwaka 2003. Sheria ya mwaka 1973 ilitungwa miaka kumi na tatu tu baada ya leza ya kwanza kuwashwa, na haikutungwa kwa kukifikiria kifaa hiki. Kwa hivyo kijana anayeniambia, "Mzee, wapi imeandikwa leza ni marufuku?" ameuliza swali la haki. Lakini swali hilo haliishii hapo. Sheria inamtaka mwenye chombo cha moto awe na taa zinazofanya kazi wakati wa giza. Ikiwa taa ya nyuma haina globu, ameivunja sheria hata kama amefunga leza kumi. Ikiwa gunia limeifunika taa, hali ni hiyo hiyo, kwani taa isiyoonekana ni sawa na isiyokuwepo. Na ikiwa mwanga alioufunga unawapofua wengine, tayari ametia hatarini watumiaji wa barabara, na hatasalimika kwa kusema kwamba neno leza halimo.

Wenzetu wa nje wamefika mahali hapo hapo kwa njia tofauti. Marekani, kanuni yao ya taa za magari hairuhusu taa ya ziada inayopunguza uwezo wa taa zilizolazimishwa kuonekana, na leza yenyewe husimamiwa na mamlaka yao ya chakula na dawa, kwa kuwa inagusa afya ya jicho. Nchi zinazofuata viwango vya Umoja wa Mataifa zina orodha ya taa zinazoruhusiwa kwenye pikipiki, na isiyokuwemo haifungwi.

Rangi nayo ina hukumu yake. Desturi ya barabara duniani kote ni nyeupe mbele na nyekundu nyuma, ili mtu usiku ajue chombo kinamjia au kinamkimbia. Nimeona hapa, na kwetu pia nimeona, taa za nyuma za buluu, za kijani, na za kumeta kama za harusini. Miaka ya karibuni Polisi wa Usalama Barabarani wa Bara wamekuwa wakitangaza msako wa vimulimuli na ving'ora vinavyofungwa kwenye magari yasiyostahili, na kijana anayefunga kimulimuli cha buluu nyuma ya bodaboda asishangae akisimamishwa. Nimeona pia taa ambayo kioo chake chekundu kimevunjika na mwenyewe akakipaka rangi ya kucha. Jitihada hiyo naisifu, lakini rangi ya kucha hubanduka, na mwanga mweupe ukitoka nyuma, anayefuata huamini kwamba pikipiki inamjia.

Labda mtaniuliza kwa nini nimelikuza jambo dogo. Nitakupigieni hesabu moja. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde moja. Dereva anapoona kitu huchukua sekunde moja na nusu hivi kabla mguu wake haujafanya kazi, na kwa muda huo gari limekwisha kwenda mita 25. Baada ya hapo lahitaji mita 20 nyengine kusimama kwenye lami kavu, na zaidi ya hapo kwenye changarawe. Jumla ni mita 45 na kuendelea. Pikipiki isiyo na taa, yenye gunia la rangi ya udongo kwenye barabara ya udongo, kwa taa za gari zilizoinamishwa, huonekana ikiwa imekwisha kufikiwa ndani ya umbali huo. Hapo ustadi wa dereva hausaidii kitu. Na barabara hii ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala, yenye urefu wa kilomita 210, imekuwa ikitiwa lami kipande baada ya kipande, kuanzia kile cha kilomita 50 cha Mtwara hadi Mnivata. Lami ni neema, hakuna anayebisha, lakini kila inapofika magari huongeza mwendo, na zile mita 45 huzidi kuwa nyingi.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani katika mwaka 2021, na kati ya kila watu 100 waliokufa, 21 walikuwa juu ya vyombo vya magurudumu mawili au matatu.

Msimu wenu wa korosho ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mnada wa kwanza ukishafanyika, na malipo ya vyama vya msingi yakishaingia, pikipiki mpya hujaa mjini Masasi na huku Newala. Magunia husafirishwa hadi usiku kutoka vijijini kwenda maghalani, na aliyekwisha kulipwa hutaka kuipamba pikipiki yake. Simlaumu mtu kupamba chombo alichokipata kwa jasho. Nasema tu kwamba fundi anayefunga leza mara nyingi huchuna waya wa taa ya breki na kuunganisha wa kwake kwa utepe wa gundi. Mvua ya Disemba ikiingia hapo, fyuzi huungua, na taa zote za nyuma huzimika pamoja. Mwenye pikipiki hana habari, kwa sababu hakuna dereva anayeuona mkia wake mwenyewe.

Kwa hivyo, vijana wangu, ombi langu ni dogo na halina gharama kubwa. Kabla ya magharibi, mwombe mwenzio asimame nyuma yako kijiweni, ukanyage breki ya mguu, kisha ubane ya mkono. Mara nyingi taa huwaka kwa moja na haiwaki kwa nyengine, kwa sababu ile swichi yenye springi karibu na pedali imelegea. Kuikaza ni kazi ya dakika mbili. Globu haifikii bei ya kile kijisanduku cha leza. Ukipakia gunia, lipandishe au lisogeze mpaka taa ionekane. Ikishindikana, funga nyuma ya gunia lenyewe kitambaa cha kuakisi mwanga, maana hicho hakihitaji waya wala betri. Na hivi vizibao vyenu vya kuakisi, ambavyo ni vizuri sana, mkumbuke kwamba abiria akikaa nyuma hukifunika chote. Anayeonekana usiku ni mgongo wa abiria. Nimefurahi kumuona dereva mmoja hapa Newala mwenye kizibao cha pili cha kumvalisha abiria wake, na ningependa jambo hilo lienee, hata kule kwetu.

Kwa watumishi wenzangu nina neno pia. Pikipiki za ofisi, za mabwana shamba na za watendaji wa kata, nazo ni pikipiki. Leo mchana nilizunguka uani nikazitazama chache zilizoegeshwa, na sitazitaja ni za idara gani. Itatuwia vigumu kumsimamisha kijana wa bodaboda ikiwa chombo cha Serikali kimefungwa taa ya nyuma kwa kamba ya katani.

Na mwenye leza tayari, ambaye ameinunua na hataki kuitupa? Mimi, kwa rai yangu, ningemwambia aing'oe, maana isiyoandikwa daraja haina wa kumdhamini. Wapo wataalamu watakaoona inatosha kuielekeza chini na kuiacha pamoja na taa kamili. Nimewasikia, na hoja yao ina uzito pale penye ukungu, lakini bado nawaza ule ukingo wa mlima.

Sikutaka mnisadiki kwa maneno matupu. Nimezungumza na yule kijana wa juzi, naye amekubali kuja, na tunamshukuru. Yuko pale nje na pikipiki yake, pamoja na wenzake wawili. Ya kwanza ina leza peke yake, ya pili ina taa nzima na breki, na ya tatu ina taa nzima lakini imefungwa gunia. Zimepangwa mwisho wa uwanja, na giza sasa limetimia. Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, naomba sote tutoke tusimame kwenye mwembe ule, kama hatua sitini kutoka zilipo, na wenye magari wazime taa zao. Wazee watangulie. Akina mama, washikeni watoto wasisogee karibu na hiyo ya kwanza. Tukishafika pale, kijana aiwashe.